Kibali cha ujenzi wa nyumba: pa kuanzia, pa kukwama na namna ya kupita

Muulize fundi kama kuna haja ya kibali kabla ya kuchimba msingi, na jibu utalijua kabla hajalimaliza: “Bosi, wewe leta tofali na saruji, mambo ya manispaa tutayamaliza hukohuko mbele.” Fundi hana cha kupoteza. Siku watu wa halmashauri wakija na kopo la rangi nyekundu, ile X haichorwi mgongoni kwa fundi, inachorwa kwenye ukuta wako.

Maelezo haya ni ya Tanzania Bara, na mifano mingi ni ya Dar es Salaam. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inakataza mtu kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango bila ruhusa ya mamlaka husika. Mamlaka hiyo ni halmashauri ya jiji, manispaa, mji au wilaya kiwanja kilipo. Serikali ya mtaa inakutambulisha, inathibitisha kwamba wewe ni mkazi au mmiliki, lakini haitoi kibali. Kuna watu wana karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti inayosema “ameruhusiwa kujenga” na wanaitunza kama hati. Mbele ya mkaguzi wa majengo karatasi hiyo haina nguvu.

Kibali kinahitajika kwa nyumba mpya, kwa uzio, kwa kuongeza chumba au ghorofa, kwa kubomoa, na kwa kugeuza sehemu ya nyumba kuwa kitu kingine. Kupaka rangi au kubadilisha kitasa hakuna atakayekuuliza. Kubomoa ukuta wa ndani ili sebule iwe kubwa, hapo umeshaingia kwenye ukarabati, na tutaurudia mbele.

Maombi mengi yanayorudishwa hayarudishwi kwa sababu ya fomu. Yanarudishwa kwa sababu karatasi ya kiwanja inasema hili, kiwanja chenyewe kinaonyesha lile, na mchoro umechorwa kwa ajili ya kiwanja kingine kabisa. Ukihakikisha vitu hivyo vitatu vinakubaliana, kazi iliyobaki ni ya kufuatilia tu.

Hatua ya kwanza: jiridhishe na kiwanja

Usianze na ramani ya nyumba. Anza na hati. Hati miliki ina mambo manne ya kusoma kwa makini: jina, namba ya kiwanja na kitalu, muda wa umiliki (miaka 33, 66 au 99), na matumizi. Sehemu ya matumizi ndiyo watu wanayoiruka. Kama imeandikwa makazi, mchoro wenye fremu nne za duka upande wa barabarani utarudishwa hata kama umechorwa na mbunifu bora mjini. Itabidi kwanza uombe kubadilisha matumizi, na hiyo ni safari yenye taratibu zake na gharama zake.

Jina nalo lina kesi zake. Kiwanja kikiwa bado kwa jina la mzazi aliyefariki, ombi halitasonga mpaka mirathi ifunguliwe, msimamizi ateuliwe na mahakama, na umiliki uhamishwe. Kama ulinunua kwa mtu na hujahamisha, mkataba wa mauziano pekee haukufanyi mmiliki kwenye daftari la msajili. Na kwa ndugu zetu walioko Muscat, London au Minnesota wanaojenga kwa kutuma pesa: andikeni hati ya uwakilishi kwa yule atakayesimamia, ishuhudiwe kisheria. Ujumbe wa WhatsApp kwa mdogo wako si hati ya uwakilishi, na afisa hatakubali asaini fomu kwa niaba yako kwa sababu tu mnafanana sura.

Kabla hujanunua, au kama ulinunua haraka, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Upekuzi utakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa, kama kiwanja kina mkopo benki, na kama kuna zuio la mahakama. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na lori moja la mchanga.

Kisha nenda kiwanjani na mpima. Tafuta bikoni zote, zile alama za mipaka. Hapa ndipo mambo huanza kuwa matamu au machungu. Kwenye ramani ya upimaji upande wa mbele ni mita 20, lakini ukivuta futi kamba unapata 18 na nusu, kwa sababu jirani alijenga uzio kwa macho. Lisemeni wakati huo, mbele ya mjumbe na mpima, kabla hujaweka jiwe. Mita moja na nusu unayoidharau leo ndiyo itakayokunyima nafasi ya shimo la maji taka kesho.

Ukiwa hapohapo angalia hifadhi, yaani ukanda ambao hauruhusiwi kujengwa. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na ziko sehemu zenye hifadhi pana zaidi ya hiyo. Wakazi wa Morogoro Road, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, walilijua hilo vizuri mwaka 2017 nyumba zao zilipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Nyingi zilikuwa na umeme na maji, na watu walidhani hivyo ni ushahidi wa uhalali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ukingo wa mto au ziwa. Kwa Dar hilo linagusa mabonde mengi ambayo kiangazi yanaonekana kama viwanja vizuri tu, dalali anakuonyesha mwezi wa nane na kukuambia maji hayajawahi kufika. Tazama pia kama juu yako zinapita nyaya za umeme mkubwa au chini yako kuna bomba kuu la maji.

Na kama eneo halijapimwa? Basi unachohitaji kwanza ni urasimishaji. Ulizia ofisi ya mtaa kama eneo lenu liko kwenye mpango, jiunge, kiwanja kipimwe, upate hati au angalau leseni ya makazi. Ni njia ndefu, najua. Lakini mchoro mzuri juu ya ardhi isiyo na namba hauna pa kupokelewa.

Hatua ya pili: mchoro

Pata kwanza masharti ya uendelezaji wa eneo lako kutoka kwa afisa mipangomiji: umbali unaotakiwa kuachwa kutoka kila mpaka, sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo, na idadi ya ghorofa. Hayo yanatofautiana kati ya eneo la msongamano mkubwa na la msongamano mdogo. Ndipo umpe mchoraji.

Tufanye hesabu moja. Kiwanja ni mita 20 kwa 25, yaani mita za mraba 500. Tuseme umeambiwa uache mita 3 mbele, mita 3 nyuma, na mita moja na nusu kila pembeni. Upana unaobaki ni mita 17, urefu 19. Eneo unaloweza kujenga ni mita za mraba 323. Ukiambiwa jengo lisifunike zaidi ya nusu ya kiwanja, unashuka hadi 250. Toa banda la kuku ulilopanga, toa choo cha nje, toa kibanda cha mlinzi, maana vyote hivyo ni majengo. Sasa ile ramani uliyoipakua mtandaoni, yenye vyumba vinne vyote masta, dainingi, sebule mbili na veranda kila upande, inataka mita za mraba 290. Haiingii. Na hata ikiingia kwa kubana, gari la kunyonya maji taka litapita wapi?

Ndiyo maana ramani ya kununua kwenye simu ni ya kupata wazo tu. Kibali kinataka mchoro wa nyumba hii kwenye kiwanja hiki. Lazima kuwe na mchoro wa kiwanja chote unaoonyesha mipaka, barabara, upande wa kaskazini, mahali jengo litakapokaa na umbali wake kutoka kila mpaka, geti, maegesho, tanki la maji, shimo la maji taka na lile la kufyonza. Halafu mpangilio wa vyumba, mkato wa jengo kutoka msingi hadi paa, mwonekano wa pande zote, mchoro wa msingi na mchoro wa paa. Kila karatasi iandikwe jina la mmiliki, namba ya kiwanja na kitalu, matumizi ya jengo, ukubwa wake kwa mita za mraba, kipimo cha mchoro, na jina, sifa na saini ya aliyechora.

Aliyechora ni nani? Mtu anayechora vizuri kwa kompyuta hajawa mbunifu majengo kwa sababu hiyo. Wabunifu husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ambayo wengi huiita AQRB, na wahandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Jina la mtu au kampuni unaweza kulihakiki kwenye orodha za bodi hizo. Jihadhari na mtu anayekuahidi “muhuri wa rafiki yangu”. Nyumba ikipasuka, huyo rafiki hatakuwa anakufahamu.

Nyumba ya chini, yaani isiyo na ghorofa, haikupi shida nyingi za uhandisi. Ghorofa ni habari nyingine: unatakiwa kuwa na michoro ya mihimili, nguzo na nondo iliyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa, na ni busara udongo uchunguzwe kabla hajapiga hesabu zake. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa nyingine ilianguka Kariakoo, ikiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, wakafa zaidi ya watu 20. Usidhani hayo ni ya majengo ya matajiri tu. Ghorofa moja juu ya msingi uliochimbwa kwa ajili ya nyumba ya chini inaweza kuua familia nzima, na mitaani kwetu ziko nyingi.

Hatua ya tatu: faili

Kusanya nakala ya hati au barua ya toleo au leseni ya makazi, ramani ya upimaji, kitambulisho cha taifa cha NIDA, risiti ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu, na seti za michoro. Kodi ya ardhi ndiyo inayowaumbua wengi. Mtu ana kiwanja tangu 2011 na hajawahi kulipa, anakuja kuomba kibali anakuta deni lake limelimbikiana na adhabu juu. Lilipe kabla. Kama nyumba ipo tayari na unataka kuiongeza, kodi ya majengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye manunuzi ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo hakikisha mita inayokatwa ni ya nyumba hiyo kweli.

Siku hizi maombi hupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Unafungua akaunti kwa namba ya NIDA, unachagua halmashauri, unajaza taarifa za kiwanja na jengo, unapakia hati na michoro. Michoro iliyopigwa picha kwa simu juu ya meza, yenye kivuli cha kichwa chako, itarudi. Mwambie mchoraji akupe faili lenyewe. Hata hivyo beba seti za karatasi, maana mkaguzi akienda kiwanjani anataka kitu cha kukunjua.

Ada hutegemea ukubwa na aina ya jengo na sheria ndogo za kila halmashauri. Mfumo utakutolea kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali. Unalipa benki au kwa simu, fedha inaingia serikalini moja kwa moja. Yeyote anayekutaka umtumie pesa kwenye namba yake ya simu “ili faili litembee” anauza kitu ambacho si chake. Sitajifanya sijui kwamba watu wanatuma. Ninachosema ni kwamba pesa hiyo haina risiti, na afisa akihamishwa wiki inayofuata unaanza upya na mwingine.

Hatua ya nne: watakuja kuangalia

Ombi likipokelewa hupita kwa wataalamu kadhaa wa halmashauri. Afisa mipangomiji anaangalia matumizi na umbali kutoka mipaka, afisa ardhi umiliki, mhandisi uimara, afisa afya hewa, mwanga na maji taka. Kwa majengo makubwa huongezeka Zimamoto, na baadhi ya miradi hutakiwa kupita NEMC, baraza la taifa la mazingira. Wengine wataomba kuona kiwanja.

Siku ya ukaguzi uwepo, au awepo mtu anayejua mipaka. Fyeka majani ili bikoni zionekane. Kama umeshaanza kuchimba msingi, hapo utakuwa umejitia kitanzi mwenyewe, kwa sababu anachokiona mkaguzi kinamlazimu kukuandikia notisi ya kusimamisha kazi badala ya taarifa ya ukaguzi.

Faili likirudishwa na maelekezo, yachukue kwa maandishi. “Amesema nirekebishe choo” haimsaidii mchoraji. Anahitaji kujua kwamba shimo la maji taka liko karibu mno na mpaka wa jirani, au kisima chako kiko karibu na shimo hilo, au chumba cha kulala hakina dirisha linalofunguka nje. Chumba kisicho na dirisha ni kosa la kila siku kwenye ramani za vyumba vya kupangisha, ambako mwenye nyumba amebana ili apate mpangaji mmoja zaidi. Rekebisha yote kwa pamoja, rudisha, na weka kumbukumbu ya tarehe na jina la ofisi uliyoirudishia.

Hatua ya tano: kibali mkononi, kazi haijaisha

Soma nyuma na mbele. Kibali kina masharti na kina muda. Kinakwambia uanze lini na umalize lini, na wengi wetu tunajenga kidogokidogo, msingi mwaka huu, boma mwakani, kenchi Mungu akijalia. Muda ukikaribia kwisha omba kuongezewa mapema.

Weka nakala ya kibali na michoro iliyogongwa muhuri palepale saiti, isiwe kabatini kwako Mbezi wakati nyumba inajengwa Kigamboni. Kwa ghorofa weka bango lenye mmiliki, mbunifu, mhandisi, mkandarasi na namba ya kibali. Mkandarasi naye awe amesajiliwa na CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, na wafanyakazi wakiwa wengi ulizia matakwa ya OSHA, wakala wa usalama na afya kazini.

Mkaguzi anatakiwa kuitwa kwenye hatua muhimu: mitaro ya msingi ikiwa wazi kabla ya kumwaga zege, kabla ya jamvi (zege la sakafu), kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), nondo za slabu zikishafungwa kabla hazijafunikwa, na wakati wa kupaua. Fundi atalalamika kwamba zege linasubiri. Mwambie lisubiri. Nondo zikishafunikwa hakuna atakayejua kama ziliwekwa za milimita 12 au za 10, mpaka siku ukuta utakaposema wenyewe.

Ukibadilisha mawazo katikati, ukaona bora jiko lihamie nyuma au uongeze chumba cha mama, mchoro uliopitishwa haukufuati. Peleka marekebisho. Kujenga kinyume na kibali kunachukuliwa kama kujenga bila kibali, na notisi yake ni ileile.

Ukarabati, na fremu za mbele

Kwa nyumba iliyopo, mchoraji aanze kwa kuipima ilivyo, kisha aonyeshe kwa alama tofauti kinachobaki, kinachobomolewa na kinachoongezwa. Bila hivyo afisa hawezi kujua unaomba nini. Kama unaongeza ghorofa juu ya nyumba ya zamani, mhandisi lazima aone msingi. Atachimba pembeni ya ukuta sehemu mbili tatu, apime upana na kina, aangalie kama kuna nguzo au ni tofali tupu. Akikwambia haiwezekani, amekuokolea pesa.

Fremu ndizo ugomvi mkubwa. Mtaa ukichangamka kila mtu anataka kuvunja ukuta wa mbele atoe maduka mawili. Hapo mna mambo matatu kwa mpigo: matumizi kwenye hati, umbali kutoka barabarani ambao fremu huumeza wote, na wateja watakaoegesha pikipiki kwenye mtaro wa maji ya mvua. Halmashauri nyingine zimepanga mitaa fulani iwe ya makazi na biashara, na huko kubadilisha matumizi si vigumu. Ulizia kabla hujamlipa fundi wa kuchomelea mageti.

Kama nyumba ni ya Mji Mkongwe Zanzibar, utaratibu ni mwingine kabisa. Mji huo uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na hata kubadilisha mlango au dirisha la mbele kunapitia mamlaka ya uhifadhi ya huko.

Aliyekwisha kujenga

Nenda mwenyewe kabla hujafuatwa. Chora nyumba ilivyo, peleka hati, eleza. Kama jengo halijagusa hifadhi wala mpaka wa mtu, mara nyingi kinachobaki ni faini, ada na marekebisho, na unapewa njia ya kuhalalisha. Kama limeingia kwenye hifadhi, hakuna mchoro utakaolitoa humo, ila utakuwa umejua mapema usiongeze hata kozi moja ya tofali.

Nyumba ikiisha, omba ukaguzi wa mwisho na cheti cha kuruhusiwa kulitumia jengo. Wengi wanaishia kuhamia na kusahau. Halafu siku wanataka mkopo, benki inaomba kibali na cheti, mthamini anakuja na kukuta nyumba ina chumba kimoja zaidi ya mchoro. Weka pamoja hati, kibali, michoro iliyopitishwa, taarifa za ukaguzi na risiti zote, na nakala zake kwenye simu ya mtu mwingine unayemwamini.